Kibarua Nilichomficha Bradha Yangu

Kibarua cha kwanza nilichopata baada ya kufutwa kazi nilikificha. Sikumficha landlodi wala watu wa chama, nilimficha bradha yangu mkubwa, mtu ambaye wakati huo ndiye alikuwa ananishikilia, kila Jumapili jioni simu inaingia meseji ametuma 2,500, na kwa wiki tatu nilikuwa napokea hiyo pesa nikiwa na pesa nyingine kwa simu hiyohiyo, ya godauni, na sisemi kitu. Nimekaa na hii hadithi miezi mingi. Nimeona niiandike vile ilikuwa, juu najua kuna watu huku Nairobi wako mahali nilikuwa, na juu sista yangu aliye Kanada aliniambia jambo fulani ambalo mpaka leo nikilifikiria naona lingeweza kuokoa watu wengi.

Nilifutwa mwisho wa Novemba 2024. Nilikuwa natunza stoo kwa kampuni moja Industrial Area, miaka sita na miezi kadhaa, mshahara 38,000. Siku hiyo tuliitwa watu kumi na mmoja kwa ofisi ya juu, mmoja mmoja, na ukitoka unapita wenzako wakiwa wamekaa kwa benchi wanakuangalia uso kujua ni nini. Sitasema walituonea. Notisi ya mwezi ilikuwa imetoka, siku zangu za likizo zilizobaki zililipwa, na ile pesa ya kuachishwa ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inasema isipungue siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza niliipata. Miaka 6 mara siku 15 ni siku 90, mshahara wa miezi mitatu, 114,000 kabla ya makato. Ukisikia laki moja na kitu unadhani uko na muda. Nikamaliza mkopo wa sacco, nikalipa karo ya kijana, nikalipa nyumba Desemba na Januari na Februari, 12,000 kila mwezi, tukala, na Machi ikanipata sina.

Kuna usiku mmoja nilitoa peislipu ya mwisho kutoka kwa bahasha nikaisoma pole pole kama barua. NSSF ya uzeeni 2,160. SHIF ya hospitali 1,045. Ile ya nyumba za serikali 570. Hiyo ni 3,775 kwa mwezi mmoja, na kodi ya mapato bado sijaiweka. Silii kwamba nilikatwa, hospitali ni muhimu na uzee unakuja, lakini nilikuwa natafuta kwa hiyo karatasi mstari mmoja tu unaosema hii ni ya siku ambayo kazi itaisha, na haukuwepo. Hiyo ya NSSF inaningoja nifike miaka 60, ama 50 kama nimestaafu mapema. Mimi niko 36. Wazee wa miaka 70 kwenda juu wana 2,000 kwa mwezi ya Inua Jamii ya serikali na ni haki yao. Kazi Mtaani ilipokuja 2020 wakati wa corona kijana wa jirani alizibua mitaro kwa 455 kwa siku, na ile pesa ilisaidia nyumba nyingi za hapa, lakini hiyo ilikuwa kazi tu ya kulipwa kwa siku, haikuwa bima, na ilipoisha iliisha. Kwa mtu ambaye amefanya kazi miaka sita halafu ikaisha bila kosa lake, hakuna dirisha la kwenda kusimama na kusema jamani mimi nimepoteza kazi.

Kwa hivyo bima yetu ni watu. Bradha, chama, mwenye duka anayekubali kuandika kwa daftari, keateka anayemwambia landlodi ngoja kidogo huyu mama si msumbufu. Na hao watu nao wako na masharti yao ingawa hakuna mahali yameandikwa. Bradha yangu ni fundi wa stima huko Rongai, ana watoto watatu, kuna wiki anapata mjengo mzima wa kuvuta nyaya na kuna wiki anarekebisha soketi mbili tu. Aliposema atakuwa ananitumia 2,500 kila wiki aliniambia neno moja, kwa upole kabisa: "Ukipata kitu uniambie tu niache kutuma, juu hata mimi kuna mahali natoboa ndio nizibe kwako." Nikasema sawa. Na nilikuwa namaanisha.

Halafu Aprili ikafika, na jirani akaniambia kuna godauni wanataka watu wa kupakia vitabu vya shule kabla ya term ya pili kufunguliwa.

Kwenda huko unatoka Umoja saa kumi na moja kasorobo, tunashuka kwa miguu kupitia Donholm tukiwa kikundi, wanawake wengi, kila mtu na kamfuko ka nguo ya kazi na chakula. Saa kumi na mbili mko nje ya geti. Siku ya kwanza nilihesabu, mazoea ya stoo hayaishi, tulikuwa zaidi ya watu mia moja na walitaka thelathini na tano. Supavaiza anatoka na kalamu na karatasi iliyokunjwa mara nne. Haongei sana. Anatembea mbele ya watu anaangalia viatu kwanza, kama umevaa sandoo anakupita, halafu anaangalia mikono. Mimi aliniuliza, "Unajua kuhesabu dazani bila kupotea?" Nikamwambia nimehesabu stoo miaka sita. Akaniandika. Yule mama aliyekuwa nyuma yangu tulikuwa tumetembea naye kutoka Donholm tukiongea habari za watoto wetu, hakuandikwa, na mlango ulipofungwa nilimwona kupitia kwa mwanya wa geti akikaa chini kwa ukingo wa barabara kufunga viatu tena ndio arudi.

Ndani unaacha kitambulisho na simu. Kazi ni vitabu vya mraba na vya mistari, kurasa 96, kurasa 200, unapanga dazani, unafunga na karatasi, unaweka kwa katoni, unapiga selotepu, unaandika namba ubavuni. Inaonekana kazi rahisi mpaka saa nne. Karatasi mpya inakata kuliko kisu, inakata hapa kwa mkunjo wa kidole cha shahada, huoni damu, unaona tu kitabu cha juu kimepata alama nyekundu na supavaiza anakiondoa anakiweka kando, na wewe unajifunga kidole na ile selotepu ya katoni unaendelea. Mchana dakika thelathini. Jioni unatoka saa kumi na moja. Malipo yalikuwa 650, ajenti aliyetuingiza anakata 50, unabaki na 600, inalipwa Jumamosi kwa M-Pesa. Ukizidisha 600 kwa siku 26 ni 15,600, na kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida hapa Nairobi tangu Novemba 2024 kilikuwa 16,113.75 kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba. Lakini hakuna mtu pale getini saa kumi na mbili asubuhi ako na pumzi ya kuongea mambo ya kima cha chini.

Wiki ya kwanza nilipata siku nne. Siku nne mara 600, 2,400.

Sasa hapa ndio ningependa msomaji aelewe vizuri, juu hapa ndio kila kitu kiliharibikia. Nilikaa kitandani Jumamosi usiku nikapiga hesabu. Nikimwambia bradha, ataacha kutuma 2,500. Kwa hivyo nimefanya kazi siku nne, nimekatwa vidole, nimelipa nauli ya kurudi jioni zile siku miguu ilikataa, na nitakuwa nimepoteza 100 ukilinganisha na kama ningelala nyumbani. Na wiki ijayo naweza kuandikwa siku moja, ama nisiandikwe kabisa, na bradha ashapeleka ile pesa mahali pengine, labda ashaahidi mtoto viatu, nitaanza aje kumpigia tena? Kuomba mara ya kwanza niliweza. Kuomba mara ya pili baada ya kusema niko sawa, hiyo ilinishinda hata kuwaza. Nikanyamaza. Jumapili jioni 2,500 ikaingia, nikajibu "asante sana bradha Mungu akubariki", na kila neno la hiyo meseji lilikuwa kweli isipokuwa kwamba nilikuwa namdanganya.

Na sio yeye tu. Mwenye duka aliniona nikipita alfajiri na mfuko siku mbili, ya tatu akaniambia kwa furaha, "Mama, naona kazi imeanza," na kabla sijajibu alikuwa anafungua daftari. Alikuwa na haki. Lakini nilijifunza kwamba mtaani ukionekana tu unatoka asubuhi kila mtu anakuhesabu umeshasimama, hakuna mtu anauliza umeandikwa siku ngapi. Msaada wote unaondoka siku moja na kazi yenyewe ni ya wiki.

Wiki ya pili nikapata 2,400 tena, ya tatu nikapata siku tano, 3,000. Na katikati ya hiyo wiki ya tatu kulitokea jambo ambalo linaniuma kuliko ule uongo. Jumatano nilipotoka jioni nikachukua simu yangu kwa mlinzi nikapata simu nne zilizokosa, namba moja, na meseji ya kuniita intavyu ya stoo siku iliyofuata saa tatu asubuhi, nithibitishe kabla ya saa nane mchana. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Nikapiga, haikushikwa. Asubuhi nikaenda hivyohivyo, na wakaniambia kwa heshima kwamba orodha ilifungwa jana. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi miezi mitano. Kibarua kinalisha lakini kinakula zile saa ambazo ungetafuta kazi yenyewe, na mtu asiyekuwa na kitu kingine cha kumshikilia hawezi kusema leo siendi getini, leo nangoja simu.

Jumatatu ya wiki ya nne supavaiza akatuambia watu kadhaa tupumzike, turudi baada ya siku kumi hivi. Mama mmoja mzoefu akanieleza tukirudi nyumbani. Sheria hiyohiyo ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikijumlika kufika mwezi, hahesabiki tena kibarua, anakuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi na kumtoa ni kwa notisi ya siku 28. Kwa hivyo unapumzishwa kabla hujafika. Alinieleza bila hasira, kama mtu anakueleza njia ya kupita mvua ikinyesha.

Bradha alijua siku hiyohiyo. Alipiga simu jioni nikiwa bafuni, kijana wangu akashika, ana miaka tisa, mjomba akamuuliza mama yuko wapi akasema anaoga ametoka kazi. Kazi gani? Kazi ya vitabu. Tangu lini? Tangu hatujafungua shule. Mtoto hakuwa na ubaya, alikuwa anajivunia. Niliporudi kuchukua simu bradha alikuwa amekata, na Jumapili 2,500 ikaingia kama kawaida na meseji chini yake: "Hiyo ni ya mwisho. Usiku mwema." Sijawahi kuona maneno machache mazito hivyo. Nilipiga, hakushika. Nikapiga Jumatatu, mke wake akashika akasema yuko juu ya ngazi.

Sista yangu mdogo yuko Edmonton, mwaka wa saba sasa. Alinipigia hiyo wiki, kwetu saa moja asubuhi kwake saa nne usiku, alikuwa ameshasikia upande wa bradha. Nilijua ataniambia nilikosea na aliniambia. Lakini halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Kwani yeye alikuwa anakata yote?" Nikamwambia ndio, ukipata anaacha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo sheria yenyewe ndiyo mbaya. Ingekuwa ndiyo yangu hata mimi ningeficha."

Kumbe yeye mwenyewe alikuwa amepoteza kazi Januari. Alikuwa anafanya usafi wa vyumba hotelini, baada ya sikukuu wageni wakapungua wakapunguza watu. Alikuwa hajatuambia kwa sababu hakutaka mama yetu ashtuke. Na alikuwa anaishi na bima ya kukosa kazi, wanaiita EI kwa kifupi. Nilidhani ni sadaka ya serikali. Akanirekebisha haraka sana. Kila mshahara alikuwa anakatwa, mwaka 2025 ilikuwa asilimia 1.64, na mwajiri anaweka mara 1.4 ya hiyo, na ili ustahili lazima uwe umefanya kati ya saa 420 na 700 kutegemea eneo lako watu wasio na kazi ni wengi kiasi gani. Mwajiri anatoa rekodi ya kazi yako, unaomba, wiki ya kwanza hulipwi, halafu unapata asilimia 55 ya mshahara wako wa wiki, kuna kiwango cha juu hawapiti. Yeye alikuwa anapata dola 800 kwa wiki, kwa hivyo akawa anapewa 440, na hata hiyo inatozwa kodi.

Akaniambia Machi alipata kazi ya muda, kuosha vyombo kwenye karamu, siku mbili kwa wiki, dola 200. Nikamuuliza wakakukatia 440 yako? Akasema hapana. Kwa kila dola unayopata wanapunguza senti 50. Amepata 200, wamepunguza 100, wanampa 340, akijumlisha na zile 200 ana 540. Inaendelea hivyo mpaka kazi ya muda ifike asilimia 90 ya mshahara aliokuwa nao, juu ya hapo ndio wanakata dola kwa dola. Na akifanya kazi wiki nzima, wiki hiyo hawamlipi, lakini faili haifungwi, ile wiki inabaki inamngoja ndani ya muda wake. "Kwa hivyo," akasema, "mimi nikiitwa kuosha sahani sifikirii mara mbili. Naenda. Siogopi kwamba nikienda leo kesho nitakuwa sina chochote."

Nilimwambia arudie zile hesabu nikaziandika nyuma ya bahasha ya peislipu.

Na sio kwamba ni mteremko. Kila wiki mbili anajaza ripoti, anaulizwa umefanya kazi, saa ngapi, umepata ngapi kabla ya makato, ulikuwa tayari kufanya kazi kila siku, umetafuta wapi. Mara ya kwanza alikosea, alifanya kazi wiki moja lakini alilipwa baadaye, akangoja kuandika siku pesa imefika, kumbe inaandikwa wiki uliyofanya kazi hata kama hujaona senti. Akapiga simu mwenyewe kurekebisha, ikaonekana alilipwa zaidi dola 100, ikakatwa kwa malipo yaliyofuata, ikaisha. Ukificha kwa makusudi kuna faini juu ya deni. "Nililala vizuri hiyo siku nimepiga simu," akaniambia. Mimi nilikuwa na wiki ya nne silali.

Wakati mwingine hapa nyumbani ukitaja bima ya kukosa kazi watu wanasema Wakenya watalala, watu watajifanya hawana kazi. Mimi nimesimama kwa ile geti. Nimeona watu zaidi ya mia moja wameamka usiku kugombania nafasi thelathini na tano za kukatwa vidole. Hao sio watu wa kulala. Kilichonifanya mimi nifiche sio uvivu na wala sio tamaa, ni sheria inayosema ukijaribu kusimama tunaondoa kiti, na sheria kama hiyo inaweza kuwa ya serikali ama ya ndugu yako anayekupenda, itafanya watu walewale wafanye kitu kilekile. Na hatuhitaji kwenda mpaka Kanada. Majirani zetu Tanzania kwa sheria yao ya 2018 wana fao la kukosa ajira, mtu aliyechangia angalau miezi 18 akipoteza kazi anapata theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Watu walibishana sana huko, wengi walitaka kuchukua michango yao yote mkupuo mmoja kama zamani, na naelewa kabisa kwa nini. Lakini angalau kuna mstari kwa karatasi unaotaja hiyo siku. Sisi tunakatwa na huo mstari haupo, na nitaendelea kusema hivyo kila mahali nitapewa nafasi ya kusema.

Jumamosi nilipanda matatu nikaenda Rongai bila kupiga simu. Nilimpata bradha nje anakunja nyaya, akaniangalia akaendelea kukunja. Sikumpa sababu. Nilimwambia wiki tatu nilipata 2,400, 2,400 na 3,000, jumla 7,800, na wewe ulinitumia 7,500 hizo wiki, na nilikosea. Akasema, "Sio pesa. Ni vile ulikuwa unaniandikia Mungu akubariki." Tukakaa kimya muda mrefu. Mke wake akaleta chai akarudi ndani.

Halafu nikatoa ile bahasha. Nilimwonyesha hesabu za sista, 440, 200, 340. Ni mtu wa hesabu bradha, vipimo vya nyaya anavipiga kichwani, akaichukua akaisoma, akachukua kalamu yake ya kuandikia ukutani. Akaandika 2,500. Akauliza wiki ya siku nne ni ngapi, nikasema 2,400. Akaandika 1,200, akatoa. "Nakutumia 1,300. Unabaki na 3,700. Mimi nabaki na 1,200 ya kwangu." Akaiangalia tena. "Kwani hata mimi nafaidika," akasema, na ilikuwa ni mara ya kwanza ananiangalia usoni hiyo siku. Tukabishana kuhusu ile 50 ya ajenti, akasema isihesabiwe kwa sababu siioni. Nauli nilitaka itolewe kwanza, hapo alikataa, akasema hata yeye akienda kazi anajilipia. Na akaongeza lake ambalo sikuwa nimeomba: Jumanne na Alhamisi nisiende getini, nikae na simu mkononi, nipeleke CV, na hizo siku mbili yeye hazihesabu dhidi yangu.

Lile deni la nyuma nilimwambia akate. Nusu ya 7,800 ni 3,900. Nilidhani atasema achana nayo. Hakusema. Alisema 500 kila wiki, akaiandika pembeni ya bahasha, na nilishukuru kwamba hakunisamehe tu, juu ningesamehewa tu ningekuwa bado napokea pesa yake nikiangalia chini.

Sasa kila Jumapili saa kumi na mbili jioni naandika meseji. Naandika siku na pesa, ya wiki niliyofanya kazi hata kama ajenti hajalipa, hiyo niliitoa kwa sista. Kuna wiki nimeandika "siku 0" na vidole havikutetemeka, na 2,500 ikaja yote ukitoa ile 500. Kazi ya kudumu bado sijapata, nimeitwa intavyu mbili, zote simu iliingia siku ya Alhamisi nikiwa nyumbani nikaishika mlio wa kwanza.

Wiki ya nane niliandika: "Siku 3. 1,800. Deni limebaki 400." Akatuma 1,200. Chini yake akaandika, "Nimefuta kwa bahasha. Jumamosi leta kijana, kuna mabaki ya waya nataka kumfundisha kufunga taa."